Ukulele ya kwanza: kabla hujavilaumu vidole vyako, kikague chombo

MLETA UZI

Habari zenu, wakuu. Uzi huu nauandika kwa ajili ya mtu aliyeshika ukulele yake ya kwanza wiki hii (kile chombo cha nyuzi nne kinachofanana na gitaa dogo), akajaribu siku mbili tatu, na sasa ameanza kujiambia kwamba hana kipaji. Mtu huyo niliwahi kuwa mimi. Nafundisha shule ya msingi hapa Tanga, na nilitafuta chombo chepesi cha kuongozea nyimbo darasani, kisichohitaji umeme wala spika. Nikachukua ukulele iliyokuwa na bei ndogo kuliko zote dukani, yenye rangi ya bluu inayong'aa, na kwa miezi mitatu nikaamini kwamba masikio yangu yana kasoro, kwa sababu kila nilipoituni, yaani kuzikaza nyuzi hadi zitoe sauti sahihi, sauti hizo zilikuwa zimeshaharibika kabla sijamaliza wimbo mmoja. Nikaipandisha juu ya kabati. Aliyeishusha ni jamaa yangu mpiga gitaa la rizimu, ambaye aliishika kwa muda mfupi tu, akabonyeza nyuzi hapa na pale, kisha akaniambia kwamba hata yeye asingeweza kuutoa wimbo kwenye chombo kile.

Alichokiona nakieleza kwa kirefu, kwa maana mwanzoni hakuna mtu anayekuambia haya, na muuzaji mara nyingi mwenyewe hayajui.

Jambo la kwanza ni nyuzi. Nyuzi za ukulele ni za nailoni au za plastiki inayokaribiana nayo, na zikiwa mpya huvutika. Unaituni, unapiga kidogo, sauti inashuka. Unaituni tena, inashuka tena, na hali hiyo inaweza kuendelea kwa siku kadhaa hata wiki nzima kwenye ukulele isiyo na ubaya wowote. Dawa yake ni kuushika kila uzi katikati, kuuvuta kwa upole kuelekea mbali na mbao, kuutuni upya, na kurudia hivyo mara nyingi hadi uzi uache kulegea. Angalia pia vigingi vya kukazia. Kwenye baadhi ya ukulele ndogo vigingi havina meno ya chuma ndani, bali hujishikilia kwa msuguano peke yake, na kila kimoja kina parafujo ndogo mwishoni. Parafujo hiyo ikilegea, kigingi hurudi nyuma chenyewe kwa kuvutwa na uzi. Yangu zilikuwa zimelegea zote nne.

Jambo la pili ndilo lililonitesa zaidi, nalo ni kizingiti, yaani kile kipande chembamba cha plastiki au mfupa kilicho juu ya shingo, ambacho nyuzi hupita katika mifereji yake kabla ya kufika kwenye vigingi. Mifereji hiyo isipochimbwa vya kutosha, nyuzi hukaa juu mno. Ukiubonyeza uzi kwenye freti ya kwanza (freti ni vile vipande vyembamba vinavyokatiza shingo, na huhesabiwa kuanzia kwenye kizingiti) unalazimika kuusukuma safari ndefu, na kadiri unavyousukuma ndivyo unavyoukaza, kwa hiyo sauti inapanda kupita pale inapotakiwa. Matokeo yake ni kwamba nyuzi zikiwa wazi kila kitu kiko sawa, lakini ukianza kushika kodi (maana yangu ni zile sauti tatu au zaidi zinazolia kwa pamoja), zinagombana. Mwanafunzi anadhani amekosea kidole. Hajakosea.

Kukagua ni rahisi. Bonyeza uzi kwenye freti ya tatu, kisha utazame mwanya uliobaki kati ya uzi huo na freti ya kwanza. Uwe mdogo sana, wa unene wa karatasi hivi. Ukiona mwanya mkubwa, mpelekee fundi wa magitaa mwenye tupa nyembamba, naye aichimbe mifereji kidogo kidogo huku akijaribu, kwa sababu akizidisha, uzi utagonga freti na kutoa mlio wa mkwaruzo, na hapo itabidi kizingiti kibadilishwe.

Jambo la tatu ni daraja, kile kipande kilichogundishwa kwenye tumbo la chombo ambapo nyuzi hufungwa. Piga uzi ukiwa wazi, halafu uubonyeze kwenye freti ya 12 na uupige tena. Sauti hizo mbili zinatakiwa ziwe na jina moja, moja chini na moja juu, kama do ya mwanzo na do ya mwisho wa ngazi. Ukitumia programu ya kutunia ya kwenye simu, ambayo ninaishauri kwa kila anayeanza, sindano inatakiwa isimame karibu mahali pale pale mara zote mbili. Ikiwa freti ya 12 iko mbali, basi daraja liligundishwa mahali pasipo pake, na kwa chombo cha bei ndogo hakuna fundi atakayekusaidia kwa gharama inayoeleweka. Kirudishe. Bora zaidi, fanya jaribio hili hapo hapo dukani kabla hujatoa pesa, wala usione haya kumwomba muuzaji akupe dakika kumi.

MCHANGIAJI, MOMBASA

Ahsante sana, mwalimu, kwa maelezo haya. Binti yangu ana miaka tisa na ameniomba ukulele. Nimeambiwa kuna saizi kadhaa na nimechanganyikiwa. Halafu baba yake anasema hicho ni kichezeo cha watoto na kwamba ni afadhali tumnunulie gitaa dogo la kweli. Je, anasema kweli?

MLETA UZI

Karibu sana, mama. Saizi zinazozoeleka ni nne. Soprano ina urefu wa sentimita 53 hivi, konseti 58, tenori 66 na baritoni 76. Tatu za kwanza hutuniwa sawasawa, ila ya baritoni hutuniwa chini zaidi, kama nyuzi nne nyembamba za gitaa. Kwa binti wa miaka tisa soprano inamfaa, na konseti nayo haitamshinda. Mimi ningechagua konseti, kwa sababu nafasi kati ya freti na freti ni pana kidogo, hata wewe mwenyewe ukitaka kujaribu vidole vyako vitapata pa kukaa, na binti hataihama akikua. Epuka zile ndogo zaidi zinazouzwa pamoja na midoli, zenye freti za plastiki zilizomiminwa pamoja na shingo. Hizo hazituniki.

Kuhusu baba yake, mwambie kwa heshima kwamba ukulele ni chombo kamili chenye historia yake. Mnamo Agosti 1879 meli iitwayo Ravenscrag ilitia nanga Honolulu, katika visiwa vya Hawaii, ikiwa imebeba Wareno kutoka kisiwa cha Madeira waliokwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa. Miongoni mwao walikuwamo maseremala watatu: Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo. Kwao walikuwa na gitaa dogo la nyuzi nne liitwalo machete, na jingine la nyuzi tano liitwalo rajão. Walipofika Hawaii wakaanza kutengeneza vyombo vya aina hiyo kwa mbao za huko, na watu wa visiwani wakavipenda, wakavipa jina lao na upigaji wao. Mfalme Kalākaua, aliyetawala kuanzia 1874 hadi 1891, alivileta katika ngoma na dhifa za ikulu, na chombo kilichopigwa mbele ya mfalme hakiwezi kuitwa kichezeo. Mwaka 1915 wanamuziki wa Hawaii walikipiga katika maonyesho makubwa yaliyofanyika San Francisco kusherehekea kufunguliwa kwa Mfereji wa Panama, na kuanzia hapo Marekani nzima ikakifahamu.

Jina lenyewe hufasiriwa mara nyingi kuwa ni kiroboto anayeruka, kwa jinsi vidole vinavyorukaruka juu ya nyuzi, lakini Malkia Liliʻuokalani alilifasiri kuwa ni zawadi iliyokuja. Mimi napenda fasiri ya malkia. Naomba pia tulitamke sawasawa, ukulele, kwa sababu tukisema "ukelele" tutakuwa tunasema neno letu la Kiswahili ambalo ni kilio cha mtu anayepaza sauti.

MCHANGIAJI, MWANZA

Mwalimu, salama. Mimi ni mpiga gitaa wa kwaya. Nimeazimwa ukulele na nimegundua jambo ambalo linaonekana kuwa kosa la kiwandani. Uzi wa juu kabisa, ule ulio karibu na uso wangu, ungetakiwa uwe mnene na wenye sauti nzito kama kwenye gitaa, lakini ni mwembamba na sauti yake iko juu. Nimefikiria kuutoa na kuweka uzi wa gitaa wa chuma. Unaonaje?

MLETA UZI

Ndugu yangu, nakusihi usifanye hivyo. Uzi wa chuma huvuta kwa nguvu nyingi kuliko nailoni, na ukulele haikujengwa kuubeba mvuto huo. Daraja linaweza kung'oka pamoja na kipande cha mbao ya tumbo, na shingo inaweza kupinda.

Hilo unaloliona si kosa, ndilo umbile la chombo. Kwa kuwa uko kwenye kwaya nitalieleza kwa lugha ya solfa, ambayo unaifahamu kuliko mimi. Tukiifanya do kuwa C, nyuzi nne kuanzia juu kwenda chini ni so, do, mi, la, yaani G, C, E na A. Kwenye gitaa ungetegemea so iwe chini ya do. Hapa so iko juu ya do na hata juu ya mi, chini kidogo tu ya la. Nyuzi zote nne zimesongamana katika eneo dogo la sauti, na uzi mzito kuliko yote uko wa tatu ukihesabu kutoka chini, wala si wa nne. Ndiyo maana unapoteremsha kidole juu ya nyuzi husikii ngazi inayopanda kutoka besi, unasikia sauti zinazotoka pamoja kama kicheko kimoja. Charango, chombo kidogo cha nyuzi cha Amerika ya Kusini, nacho ina mpangilio wa namna hii. Ukiuondoa uzi huo, unaiondoa sauti ambayo watu huitambua mara moja na kusema, hiyo ni ukulele.

Wapo wapigaji wanaotaka so ya chini ili wapate nafasi ya kupiga solo kwa kushuka, na kwa ajili yao huuzwa uzi maalumu mnene uliotengenezwa kwa ukulele, ambao unakaa vizuri zaidi kwenye tenori au konseti. Huo unaruhusiwa. Hata hivyo, nakuomba ukae kwanza na so ya juu kwa mwezi mmoja kabla hujaamua.

Wewe mpiga gitaa una faida ambayo mimi sikuwa nayo. Ukifunga kepo, yaani kile kibanio kinachobana nyuzi zote, kwenye freti ya tano ya gitaa, nyuzi nne za chini zinatoa G, C, E na A. Kwa hiyo maumbo ya kodi unayoyajua yanahamia moja kwa moja, ila yanabadilika majina. Umbo la D la gitaa linakuwa G ya ukulele, na umbo la G, ukibaki na kidole kimoja tu kwenye freti ya tatu ya uzi wa chini, linakuwa C. Kichwa chako kitasumbuka kwa majina, vidole havitasumbuka.

MCHANGIAJI, MWANZA

Nimekuelewa, mwalimu, na nimeurudisha uzi wangu wa chuma mahali pake. Nimejaribu umbo la D na kweli imelia G. Naomba basi uwaeleze na wale wasiojua gitaa kabisa waanzie wapi, kwa kuwa nina vijana wawili hapa wanaosoma pamoja nami.

MLETA UZI

Waanze na C, kwa sababu inahitaji kidole kimoja. Kidole cha pete kikae kwenye freti ya tatu ya uzi wa kwanza, yaani ule wa chini kabisa, A. Nyuzi nyingine zote ziachwe wazi. Kisha waende A maina, ambayo nayo ni kidole kimoja: kidole cha kati kwenye freti ya pili ya uzi wa nne. Wakiwa na A maina, F inapatikana kwa kuongeza kidole cha shahada kwenye freti ya kwanza ya uzi wa pili, bila kukiondoa kile cha kati. Nawaomba waione njia hiyo kwa macho kabla ya kuicheza: kutoka A maina kwenda F hakuna kidole kinachohama, kuna kidole kinachoongezeka. Baada ya hapo G7, ambayo ni ya kwanza kuhitaji vidole vitatu, shahada kwenye freti ya kwanza ya uzi wa pili, cha kati kwenye freti ya pili ya uzi wa tatu, na cha pete kwenye freti ya pili ya uzi wa kwanza. Kwa C, F na G7 peke yake unaongoza tenzi nyingi za kanisani na karibu nyimbo zote za darasa la kwanza.

Kosa nililolifanya mimi, na ninaloliona kwa wanafunzi wangu, ni kuusimamisha mdundo ili kusubiri vidole vipange kodi inayofuata. Mkono wa kulia ukishazoea kusimama, kuutoa tabia hiyo ni kazi ya miezi. Ni afadhali kupiga polepole mno, kushuka mara nne kwa kila kodi, na kodi ikichelewa kukaa mkono wa kulia uendelee kushuka hata kama kinachosikika ni nyuzi zilizofunikwa nusu. Wimbo ambao haukusimama hata mara moja una faida kubwa kuliko kodi nzuri kumi zilizotenganishwa na ukimya. Mkono huo wa kulia upigie pale shingo inapokutana na mwili, si juu ya tundu la sauti kama wengi wanavyodhani, na utumie ukucha wa kidole cha shahada wakati wa kushuka na nyama ya kidole hicho wakati wa kupanda.

Kuhusu muda, robo saa kila siku inashinda saa mbili za Jumapili. Ncha za vidole zitauma kwa wiki ya kwanza na ya pili, kisha ngozi itakaza.

MCHANGIAJI, ARUSHA

Nimefuatilia mjadala huu kwa makini kwa kuwa mimi ni seremala na nimewahi kurekebisha magitaa machache. Naomba kuchangia upande wa mbao. Kule Hawaii mbao inayothaminiwa ni koa, mti wa jamii ya mikunde, ndugu wa mbali wa migunga yetu. Kwingineko hutumika sana mahogani, na hapa kwetu mkangazi ni wa ukoo huo huo wa mahogani, una sauti ya joto na haumtesi fundi. Mpingo, ambao dunia inaufahamu kwa klarineti, unafaa sana kwa ubao wa vidole, ule wa juu ya shingo ambapo nyuzi hubonyezwa, kwa sababu ni mgumu na hauliki upesi.

Lakini kwa mtu wa pwani anayenunua ya kwanza, ushauri wangu ni kwamba asikimbilie mbao nzima, yaani isiyo ya tabaka zilizogundishwa. Mbao nzima ina sauti bora, hilo halina ubishi, ila inavimba wakati wa unyevu na kusinyaa wakati wa ukavu. Nimeletewa chombo kilichotoka pwani kikakaa msimu mmoja wa kiangazi huku juu, na tumbo likapasuka kufuata nyuzi za mbao kutoka daraja hadi mwisho. Plaiwudi, kwa kuwa tabaka zake zimepishana, haipasuki namna hiyo. Anayemiliki mbao nzima aiweke kwenye mfuko wake ikiwa haipigwi, na wakati wa ukavu aweke humo kisahani cha sabuni chenye matundu, ndani yake sifongo iliyoloweshwa na kukamuliwa sana. Na asiiache kamwe ndani ya gari lililoegeshwa juani, kwa kuwa gundi huachia.

MLETA UZI

Fundi, nashukuru sana. Hilo la gari sikulifahamu, na nimewahi kuifanyia yangu hivyo zaidi ya mara moja.

Naongeza jambo moja kwa walimu wenzangu, maana wawili wameniandikia kwa faragha wakiuliza kama chombo hiki kinaweza kufundishiwa darasani. Kinaweza, na kimeshafundishiwa kwa miaka mingi. Huko Kanada mwalimu J. Chalmers Doane alikifanya kuwa chombo cha kufundishia muziki katika shule za mji wa Halifax kuanzia miaka ya 1960, na hakufundisha kodi tu, alifundisha watoto kusoma noti, kupiga solo na kuimba kwa pamoja. Nadhani sababu yake ni ile ile niliyoigundua darasani kwangu: mtoto anayepiga ukulele kinywa chake kiko huru. Mwenye filimbi hawezi kuimba wakati anapuliza. Mwenye ukulele anaimba, anajisikia, na akitoka nje ya sauti nyuzi zinamrudisha.

MCHANGIAJI, MOMBASA

Mwalimu, nimerudi na taarifa. Tulinunua konseti ya plaiwudi, na nilifanya majaribio yote dukani huku muuzaji akinitazama kwa mshangao. Freti ya 12 ilikuwa sawa. Lakini nyumbani binti alipofika kwenye F alilia kwamba inasikika vibaya, wakati C na A maina zilikuwa safi. Nikakumbuka maneno yako, nikabonyeza freti ya tatu na kutazama freti ya kwanza. Kwenye uzi wa pili mwanya ulikuwa mkubwa kuliko kwenye nyuzi nyingine.

MLETA UZI

Umeona vizuri sana, mama. F ndiyo kodi ya kwanza kati ya hizo inayotumia freti ya kwanza, na inautumia uzi huo huo wa pili, ndiyo maana tatizo lilijificha hadi hapo. Mpelekee fundi, umwoneshe mfereji huo mmoja tu, umwambie asiiguse mingine mitatu. Ni kazi ya muda mfupi. Hadi hapo binti aendelee na C na A maina, na umwambie leo kabla hajalala kwamba F iliyolia vibaya haikutoka kwake.